Huyu Mguu, Huu Mguu

Mjomba wangu akikupa mguu wa bandia uushike, hasemi "shika huu." Anasema "mshike huyu, usimwangushe." Mara ya kwanza kumsikia nilicheka mpaka nikakosa adabu, maana hata mtoto wa chekechea anajua mguu ni huu. Yeye wala hakucheka. Aliuchukua kutoka mikononi mwangu, akaulaza mezani taratibu kama mtoto aliyesinzia, akaendelea kuupiga msasa.

Pale karakana wanamwita Padri. Upadri wenyewe hakuupata. Alikaa seminari ujana wake wote, akajua Kilatini cha kuota nacho, halafu akatoka bila kugombana na mtu. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia aliitwa, ni kweli kabisa, lakini alipofika mlangoni akagundua anayeitwa ni yule wa kitanda cha pili. Hilo ndilo jibu analompa kila mtu, na alimpa hata Bibi, mama yake mzazi, ambaye hakulipenda hata chembe kwa sababu alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anakuja kuwa padri.

Basi akarudi nyumbani na sanduku moja na lugha ambayo hakuna duka linaloipokea. Alizunguka kutafuta kazi, wapi. Mwisho akapata ya kufagia kwenye karakana ya miguu na mikono ya bandia, nyuma ya hospitali. Na kama hujawahi kufagia vumbi la plasta, nikwambie tu kwamba halifagiliki. Unalisukuma huku, linakuja na kule, linakaa kwenye nyusi. Yuko fundi wa plasta pale anaitwa Chaki, jina lake halisi nadhani hata mkewe amelisahau. Huyo Chaki ndiye aliyechoka kumwona Mjomba anahangaika na ufagio, akampa tupa na kumwambia, wewe mzee wa misa, hebu nikwangulie hapa. Akakwangua. Kumbe ana mkono. Ufagio akapewa mtu mwingine.

Nisikuchoshe na ufundi, ila kidogo lazima ujue. Mtu aliyekatwa mguu anabaki na kigutu. Kigutu kinafungwa bandeji ya plasta ili kupata umbo lake, kutoka kwenye hilo umbo wanatengeneza kikombe cha plastiki, na kigutu kinaingia mle. Chini ya kikombe kuna bomba la chuma. Chini ya bomba kuna unyayo wa mpira. Juu ya bomba wanavalisha sponji iliyochongwa umbo la mguu, ili suruali isining'inie kama imetundikwa kwenye mti wa ufagio. Basi. Chumba kirefu, madirisha yamejaa vumbi, oveni ya kulainishia plastiki inayonuka kama ndoo iliyosahauliwa jikoni, na kwenye rafu maumbo ya plasta yamesimama yamepangana, kila moja na mwenyewe wake.

Sasa, kilichomfanya Mjomba aanze hii habari ya "huyu" ni mlinzi mmoja wa ghala. Enzi hizo Mjomba ndiyo ameanza kuaminiwa kutengeneza mguu mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yule mlinzi ndiye mteja wake wa kwanza. Mguu ukatoka safi. Ukakaa vizuri, mtu akatembea, akapiga makofi, akaondoka. Baada ya muda Mjomba akakutana naye sokoni, yuko kwenye magongo. Akamuuliza mguu uko wapi. Yule bwana akamjibu kwa heshima zote, "Upo chini ya kitanda, fundi. Umetunzwa vizuri. Ila si wangu ule, ni wa hospitali."

Mjomba anasema hakulala vizuri wiki ile. Aliufikiria ule mguu chini ya kitanda, pamoja na viatu vibovu. Kila alipoufikiria aliona amemtengenezea mtu fanicha.

Ndipo akaanzisha utaratibu wake, na mpaka leo hakuna fundi mwingine pale anayeufuata, ingawa wateja wanaupenda kufa. Kwa Mjomba, mguu haufungwi siku unapomalizika. Siku hiyo unatambulishwa tu. Mteja anapewa mguu anakwenda nao nyumbani, anakaa nao sebuleni, anauvalisha soksi, anauchagulia kiatu, anaupangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Akipenda anaupa jina. Akirudi, Mjomba anamuuliza, haya, mmezoeana? Na usidhani wanamwona kichaa. Kuna dereva wa lori aliurudisha mguu wake ameupa jina la shemeji yake, eti kwa sababu wote wawili wanafika bila taarifa. Kuna mama mwenye saluni aliomba kucha za ule mguu zipakwe rangi, Mjomba akazipaka, nyekundu, tabaka mbili. Chaki akawa anawaambia watu, nendeni kwa Padri, anabatiza miguu.

Halafu rangi ya ngozi. Hapo ndipo Mjomba alipotia fora. Karakana ina makopo ya rangi ya ngozi ya kiwandani, na zote zinafanana na biskuti. Mjomba alikataa. Anakuweka dirishani, anaangalia mguu wako uliobaki, anachanganya mwenyewe, anachora na mishipa. Watu walitoka mbali kumfuata yeye, kwa sababu mguu wa Padri ukiuona kwenye kandambili unaweza ukausalimia.

Kilatini mimi nilikipata kwenye simu. Nilikuwa namsikia Mjomba akinong'ona vitu wakati anapiga msasa, nikapakua programu ya bure ili nijue anamsema nani. Kumbe hamsemi mtu, anajipitishia tu maneno kama mwingine anavyopiga mluzi. Lakini mimi nikanogewa. Nikawa namtumia ujumbe wa sauti kumuuliza, naye anajibu kwa sauti ndefu, nyuma unasikia msumeno.

Kitu kilichonimaliza ni hiki. Kilatini kinajali sana kama jambo limefanywa na mwenye uhai au na kitu. Ukisema mtu ameuawa na askari, lazima umtangulizie askari kijineno, *a milite*. Ukisema ameuawa kwa upanga, unasema *gladio*, hivyo hivyo mkavu, kwa sababu upanga haujaamua chochote. Nikapiga kelele chumbani mpaka mama akaja kuangalia kama nimeng'atwa. Maana na sisi tunafanya hivyo hivyo, si ndiyo? Ameuawa *na* askari, *kwa* upanga. Nimesema hivyo maisha yangu yote na sikuwahi kuona kama nasema kitu. Tena sisi tumewazidi, maana kiboko kina ki- kama kijiko, lakini hakuna anayesema kiboko kinakuja. Kiboko anakuja, na wewe unakimbia.

Mjomba akanijibu nisiwasifu sana Warumi, maana meza kwao ni ya kike na hakuna anayejua imewazalia nini. Lakini akaniongezea jingine. *Puer* ni mtoto anayepiga, *puerum* ni mtoto anayepigwa, mkia wa neno unakwambia. Ila *saxum* ni jiwe, likipiga *saxum*, likipigwa *saxum*. Lile kundi la maneno ambayo si ya kiume wala ya kike halina sura mbili. Wataalamu wengine wanadhani ni mabaki ya zamani sana, za watu walioona hakuna haja ya kumtofautisha jiwe mtendaji na jiwe mtendwa, kwa sababu jiwe litatenda nini. Mti wa peasi wameutia kwenye kundi la kike, unazaa, una uhai wake. Peasi lenyewe wakalitupa kwenye kundi la mawe.

Halafu kwenye ile sauti msumeno ukazimwa. Akasema walikuwa na neno moja la mtumwa wa kununuliwa, *mancipium*, nalo walilitia kundi hilohilo la mawe. Mtu mzima, ana mama yake. "Ndiyo maana mimi, mwanangu, nikikosea, bora nikosee upande wa kukiita kitu mtu," akasema. Msumeno ukaendelea.

Ile sauti niliisikiliza tena na tena. Nilimwona mjomba wangu ana akili kuliko watu wote. Sasa subiri.

Bibi ana sukari. Mguu wake wa kushoto ulianza na kidonda cha ukubwa wa harage kwenye kidole, akakificha kwa soksi, na sisi wajinga tukamsifia soksi. Walipoukata waliukata chini ya goti, na daktari akasema hiyo ni bahati, kwa sababu goti lake limebaki.

Kazi ya Bibi ni pasi. Anapokea nguo za watu, ananyoosha. Mashati ya walimu, sare, makoti ya mawakili wawili ambao hawasalimiani lakini wote wanaleta kwake. Ana meza moja ndefu dirishani, ameiwekea blanketi lililokunjwa na shuka juu yake, na hapo amesimama tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Nasema amesimama kwa sababu pasi haipigwi kwa kukaa. Ukikaa, mkono hauna uzito. Kola inatoka imepinda na mgongo wa shati unafanya mawimbi. Yeye aliporudi hospitali alijaribu kukaa kwenye kiti kirefu, akaharibu shati la kwanza, akalirudia, akalirudisha kwa mwenyewe akiwa ameinamisha uso. Kwa wiki nzima aliponiona hakuniita mke mwenzangu, na Bibi asipokuita mke mwenzangu ujue hayuko sawa.

Dada wa mazoezi wa hospitalini alikuja nyumbani, akalishika lile goti, akalinyoosha, akamtazama Mjomba. Akasema wazi mbele yetu wote kwamba goti la mtu anayekaa siku nzima linajifunza kukunja. Likishazoea, halinyooki tena, na hapo hata utengenezewe mguu wa dhahabu utaning'inia tu. Kigutu kimepona, akasema, kwa hiyo asimamishwe, tena upesi.

Kwa hiyo sote tulijua. Mguu au kiti, hakuna cha tatu.

Mjomba alitengeneza mguu wa mama yake kama hajawahi kutengeneza mguu. Chaki alichukua umbo la plasta, akaambiwa arudie, akarudia, akasema safari hii Padri anatafuta utakatifu kweli. Mjomba alikuja nyumbani na rangi zake akakaa chini miguuni pa Bibi, dirishani, akiangalia ule mguu wa kulia. Bibi alimwambia, we kijana, umekaa seminari miaka yote hukuniosha mguu, leo ndiyo unauona? Akacheka. Alikuwa bado anacheka.

Mjomba aliuleta mguu umefungwa kwenye taulo. Akakaa, akauweka mapajani pa Bibi, akafunua. Na wallahi ulikuwa mguu wa Bibi. Kidole kidogo kimejikunja kama chake. Ile alama nyeusi juu ya kifundo. Nyufa za kisigino, mshipa unaopita kando, hata ile rangi iliyofifia pale mkanda wa kandambili unapokaa. Mama yangu akasema ee Mungu wangu. Mimi nikatoa simu nipige picha.

Bibi hakuugusa. Aliuangalia, halafu akamwomba mama kanga. Akapewa. Akaufunika wote, mpaka kidole cha mwisho, kama wanavyofunikwa wale walioaga.

"Huyo mtoe humu ndani," akamwambia Mjomba.

Mjomba akadhani ni siku ya kwanza, na siku ya kwanza huwa hivyo. Akafuata utaratibu wake. Akamwachia, akamwambia ukae naye, mama, umvalishe soksi, utazoea. Mjomba alipoondoka, Bibi akamwambia mama autoe chumbani, ukawekwa kwenye kabati la vyombo, tukaacha kulifungua lile kabati.

Sasa hapa ndipo Mjomba alipofanya kosa, na ni kosa ambalo fundi mwingine yeyote asingelifanya, kwa sababu wengine wasingejali kiasi hicho. Alikuja akauchukua, akakaa nao karakana, na akaamua kwamba tatizo ni kwamba haujawa hai vya kutosha. Rangi imepoa, alisema. Akaongeza wekundu kidogo chini ya ngozi. Akaongeza mikunjo ya vifundo. Chaki alimwambia, Padri, mimi sijasoma, lakini huo mguu sasa hivi nikiuacha peke yake hapa nitaupigia hodi asubuhi. Mjomba akamwambia hiyo ndiyo nia.

Akaurudisha. Safari hii Bibi alilia. Mimi sijawahi kumwona Bibi akilia, hata hospitali. Hakutoa sauti, machozi tu yalishuka, na Mjomba amepiga magoti mbele yake na ule mguu mikononi hajui auweke wapi. Bibi akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba siku walipomkata aliuliza mguu wake wameupeleka wapi, na nesi akamwambia mama pumzika. Akauliza tena kesho yake, akaambiwa pumzika. Hajui kama umechomwa au umezikwa. "Sasa wewe unaniletea," akasema.

Mjomba, mtu mwenye lugha mbili nzima kichwani, aliuzungushia ule mguu taulo, akautoa nje, akakaa nao kwenye ngazi.

Yakafuata majuma mabaya. Dada wa mazoezi alikuja, akanyoosha goti, Bibi akakunja uso, na yule dada akatoka nje na Mjomba wakaongea kwa sauti ndogo. Goti limeanza. Lilikuwa linafika mpaka mahali halafu linakataa. Mama akaanza kumsema Bibi, eti mbona watu wengine wanavaa, mbona unajitakia. Mimi nikamtafutia video za watu wanaokimbia kwa miguu ya chuma, Bibi akaziangalia zote mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza wale watu wanafua wapi kaptura zao.

Siku ile iliyogeuza mambo wala haikuwa na dalili. Mjomba alikuja mchana, amekuja tu kukaa. Bibi alikuwa dirishani kwenye kile kiti kirefu, ana shati la mmoja wa wale mawakili, anapigana nalo. Mjomba akaona jinsi anavyoinua bega ili apate uzito. Akamwambia, mama, acha nikusaidie, nipe mimi hiyo pasi. Akanyoosha mkono.

Bibi akaivuta pasi upande wake.

"Hii pasi," akasema, "ninaishika tangu wewe hujaota meno. Hajawahi kutokea mtu akaipaka rangi ya mkono wangu ili nijisikie vizuri. Ni chuma. Mimi ninaipeleka, inakwenda. Nikiichoka naiweka pembeni, haininung'unikii. Wewe unaniletea mguu wenye kidole changu, ananitazama. Nitampelekaje mtu mwingine kazini? Mimi sitaki kutembezwa na mtu. Nataka kitu cha kutembelea."

Halafu akaendelea kunyoosha, kola ikapinda, akasonya.

Nilimwangalia Mjomba. Alikaa vile vile, mkono bado umenyooka kuelekea pasi. Halafu akausogeza akashika kidevu. Akauliza, polepole, kama anayeuliza njia, kwamba kumbe siku zote alikuwa anataka nini, chuma tupu? Bibi akamwambia hakuna aliyemuuliza. Kila siku anaulizwa kama amezoea, hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Mjomba akatoka. Mguu alikuwa nao kwenye begi la kazi, alikuwa hatembei bila ule mguu siku zile, maskini. Akarudi nao ndani, akatandika gazeti sakafuni, akatoa kisu cha kukatia sponji. Mama akasema wewe unafanya nini, kazi yote ile. Mjomba akachoma kisu pale juu chini ya kikombe, akashuka nacho mpaka kifundoni, na ile sponji ikafunguka kama soksi, ngozi yote, mishipa yote, ile alama nyeusi. Akaivua. Unyayo nao akaufungua na spana, akatoa kutoka begini mwingine wa karakana, ule wa kawaida, mweusi, hauna vidole, umbo la kiatu tu. Akaufunga. Kilichobaki ni kikombe cheupe, bomba, na nati nne.

Alipomaliza hakuuweka mapajani pa Bibi. Aliusimamisha sakafuni karibu na meza ya pasi na kurudi nyuma.

Bibi aliuangalia. Akainama kwenye kiti, akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia. Akauliza nati hii inafanya nini. Mjomba akamwambia inarekebisha pembe ya unyayo. Akauliza ikilegea? Mjomba akamwonyesha spana. Bibi akasema aiache hiyo spana hapahapa mezani, asiondoke nayo.

"Haya," akasema. "Nifunge."

Mjomba akaanza kusema kwamba kwa kawaida siku ya kwanza. Akajisikia mwenyewe, akaikata sentensi hapo. Akapiga magoti akamfunga.

Sitakudanganya kwamba alisimama na malaika wakaimba. Aliposimama alitukana, neno moja ambalo sikujua analijua. Goti halikunyooka lote, na mpaka leo halinyooki lote. Dada wa mazoezi alisema tumechelewa kidogo, si sana, na Mjomba hilo "kidogo" analo kifuani, najua, kwa sababu zile siku alizochelewesha alikuwa anachora mishipa. Ilibidi alegeze nati zake aupindishe ule mguu ulifuate goti lilipofika. Bibi akashika meza kwa mikono miwili. Akakaa hivyo anapumua. Halafu akaachia mmoja, akachukua pasi.

Jioni Mjomba alikaa nje na mimi. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu zile sauti zake, nikaogopa. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniuliza kama najua Warumi wanaitaje mguu, kuanzia gotini kushuka chini. Nikatafuta kwenye simu. *Crus.* Nikatafuta kundi lake. Si la kiume, si la kike, liko na mawe. Nikaangalia na goti, *genu*, vilevile. Hata moyo, *cor*, vilevile. Nikamwonyesha. Akasema anajua, alifundishwa akiwa mdogo kuliko mimi, alikariri mkia mpaka mkia. Akasema nisidhani hilo linathibitisha kitu, wale watu walikuwa na meza ya kike. Ila lilimfanya afikiri. Kumbe unaweza kuwa na mguu wako mwenyewe, wa nyama, na bado ukauona kama kitu unachokituma, wala usiwe umeutukana. Na yeye alihofu kitu kimoja tu maisha yake yote, mtu kugeuzwa jiwe, mpaka hakuona kwamba jiwe likipewa sura ya mtu nalo linaweza kumtisha mwenye nyumba.

Nikamuuliza sasa ataacha kusema huyu? Akafikiri. Akasema yule dereva wa lori akisikia mguu wake unaitwa huu atamfukuza karakana nzima. Hapana. Ila ataanza kuuliza kwanza. Na kweli, nilimsikia Chaki akilalamika wiki ile kwamba siku hizi Padri anawahoji wateja kama posa, unataka nini, unautaka wa nini, utaupeleka wapi, na foleni imefika nje.

Lile shati la wakili lilinyooshwa upya, kwa kusimama. Kola ilikaa kama imechongwa. Bibi alilitundika, akaliangalia kutoka mbele na nyuma, akasema analipeleka mwenyewe. Mama akasema atalipeleka huyu mtoto, yaani mimi. Bibi akanigeukia, akaniuliza, mke mwenzangu, wewe unataka unipokonye na kazi? Nikasema mimi simo.

Kwa wakili si mbali, ni kushuka ngazi tatu za mlangoni, kufuata ukuta, kuvuka pale kwenye mtaro uliofunikwa kwa mbao. Bibi alivaa gauni lake la kawaida, linaishia chini ya goti, na bomba lilikuwa linaonekana lote, nati zote. Mtoto wa jirani akaulizwa anaangalia nini, akasema anaangalia bomba, Bibi akamwambia haya angalia vizuri. Mkono mmoja gongo, mkono mwingine ameinua hanga juu ili shati lisiguse chini. Mjomba alikuwa nyuma yake, mikono ameitanua kama mtu anayefukuza kuku, akiinama kila Bibi anapoinua goti. Walipofika ukutani Bibi akasimama.

"Baba, wewe unanitembeza au unanisindikiza?"

Mjomba akasema anamsindikiza.

"Basi tangulia mbele."

Akatangulia. Alivuka zile mbao za mtaro, akapita mlango wa wakili, akaenda akasimama mbele zaidi akiwa ametupa mgongo, mikono mfukoni. Nyuma yake gongo likagusa mbao, halafu unyayo wa mpira, halafu ikawa kimya kirefu. Shingo ilikuwa inamwasha, nilimwona kabisa. Hakugeuka mpaka aliposikia Bibi anabisha hodi.